Somo: Kupiga picha za sanamu na vinyago vya Mtwara na Mikindani kwa simu

Nimeandika somo hili ili kila anayenitumia picha ya sanamu iliyogeuka kivuli cheusi, kisha akaniuliza iwapo simu yake imeharibika, nimwelekeze hapa. Simu ni nzima. Kilichokosewa ni saa ya kupiga na mahali pa kusimama.

Hatua ya 1. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini, kwa sababu hewa ya bahari huacha utando wa chumvi.

Hatua ya 2. Omba ruhusa ikiwa sanamu imo ndani ya uzio, na usinyanyue simu karibu na kambi au kituo cha polisi.

Hatua ya 3. Tambua uso wa sanamu unatazama upande gani. Sisi tuko takriban nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi wa Juni jua hupita upande wa kaskazini kutwa nzima, na sanamu inayotazama kusini haipati jua la uso hata dakika moja. Karibu na tarehe 20 Februari, na tena karibu na tarehe 20 Oktoba, jua la adhuhuri husimama utosini kabisa, macho ya sanamu yakawa mashimo mawili meusi na pua ikakitia kivuli kinywa. Saa moja na nusu asubuhi au saa kumi na moja jioni ndizo saa zangu. Mwanga huja kwa ubavu na kila alama ya patasi huonekana.

Hatua ya 4. Rudi nyuma hatua kumi, kisha vuta picha kidogo. Ukiisogelea sanamu ya kipilefti iliyo juu ya msingi mrefu, utapata magoti makubwa na kichwa kama embe changa.

Hatua ya 5. Rekebisha mwangaza kwa mkono. Hapa ndipo nilipoaibika, na naomba usomaji usiwe wa haraka.

Mchongaji mmoja aliniomba nimpigie picha kinyago cha mpingo chenye kimo cha mtu mzima, apate kuwaonyesha wateja wake. Nilikipiga adhuhuri, mbingu ikiwa nyuma yake. Kamera ilipima mbingu, ikapunguza mwanga, na kinyago kikatoka kama kisiki kilichoungua. Niliporudi nyumbani nikaipandisha picha mwanga kwenye kompyuta, nikampelekea nikijisifu. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza mti ule wa kijivu ni mti gani, maana yeye alichonga mpingo.

Sababu ni hii: kamera hudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa rangi ya kijivu. Kitu cheusi kikijaza fremu, huking'arisha hadi kifanane na majivu. Sanamu ya saruji iliyopakwa chokaa huifanya chafu. Kwa hiyo gusa uso wa sanamu kwenye skrini, subiri ile alama ya jua itokee, kisha iteremshe kidogo kwa mpingo na uipandishe kidogo kwa chokaa. Onyo la kwanza: ondoa mbingu nyuma ya kitu cheusi, hata kama itakubidi uchuchumae au uzunguke hadi upate ukuta au mwembe. Onyo la pili: usitegemee kuirekebisha picha baadaye, kwa kuwa weusi uliopotea haurudi, kinachorudi ni chembechembe. Onyo la tatu: usiwashe flashi, kwani mpingo uliosuguliwa vizuri huirudisha kama kioo.

Hatua ya 6. Piga pia kibao cha maelezo, kama kipo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Sijasoma yote. Ninunue simu gani?
Jibu: Somo halikutaja simu hata moja, na sikusahau.

Swali: Mwalimu, kwenye kinyago cha ujamaa, watu wale waliopandana wana matundu katikati yao, na matundu hayo hutoka meupe kuliko kinyago chenyewe. Nifanyeje?
Jibu: Ahsante sana, dada, hili nilipaswa kuliandika. Matundu ni sehemu ya kazi. Mchongaji ameyatoboa ili jicho lipite kutoka mtu hadi mtu. Tafuta nyuma yake kitu chenye kivuli, kama baraza au kichaka, kisha songa nusu hatua kushoto na kulia hadi kila tundu lijae kivuli hicho. Piga picha tatu kwa kuzunguka, kwa sababu kinyago cha namna hiyo hakina mbele wala nyuma.

Swali: Nilipiga saa sita mchana mwezi wa Oktoba na picha ikawa safi. Unatutisha bure.
Jibu: Naamini kulikuwa na wingu, ndugu. Wingu jembamba hutawanya mwanga, na hapo saa yoyote inafaa. Nilizungumzia jua kali.

Swali: Niko Lindi. Yule mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru nimpige kutoka upande gani?
Jibu: Kutoka Berlin. Mifupa yake ilichimbwa kati ya 1909 na 1913 ikapelekwa Ujerumani, na si sanamu. Naomba tubaki kwenye mada.

Swali: Je, milango ya nakshi ya Mikindani hupigwa kwa njia hii hii?
Jibu: Ndiyo, na ni rahisi zaidi, kwa kuwa mlango una uso mmoja. Nakshi yake ni ya kina kifupi, kwa hiyo ngoja jua liuteleze ukuta kwa mshazari. Likikabili mlango moja kwa moja, maua yote hulala. Simama katikati kabisa, simu iwe wima, la sivyo fremu ya mlango itaonekana kama inaanguka. Ukimkuta mwenye nyumba barazani, msalimie kwanza.

Mchango: Mimi hushikisha kijana shuka jeupe upande wa kivuli, na mwanga unarudi usoni mwa sanamu bila flashi.
Jibu: Mbinu nzuri, nami nitaitumia. Shuka liwe jeupe tupu. Niliwahi kutumia kanga nyekundu, na kinyago kikatoka na shavu moja la rangi ya nyanya.