Pima koo la silinda kabla hujalaumu baruti

Wale mlioko Marekani mnaomimina vichwa vya risasi wenyewe kwa ajili ya rivolva, hasa zinazotumia risasi za .45 Colt, msikimbilie kubadilisha baruti bunduki ikianza kutawanya risasi kwenye shabaha. Anza na silinda, ile sehemu inayozunguka na kubeba risasi. Hakikisha haina risasi hata moja, itoe, halafu chukua kichwa ulichomimina ukisukume kwa kidole kupitia kila koo, yaani ile sehemu ya mbele ya chemba (tundu la kuwekea risasi). Kinatakiwa kipite kwa kusukumwa kidogo tu. Kikidondoka chenyewe ni chembamba mno, gesi ya moto itapita pembeni iyeyushe ukingo wake na mtutu utajaa madini ya risasi mpaka uchoke kusugua. Kikigoma kabisa, koo ndilo litakibana, na kama koo ni jembamba kuliko mtutu basi kikifika kwenye mtutu kitakuwa kimeshapwaya, hapo ni kazi ya fundi bunduki kupanua makoo, usihangaike na kalibu ya kumiminia vichwa.

Pima yote sita jamani, si moja, yanatofautiana. Na usiamini namba ya kwenye kitabu, Colt za kabla ya Vita vya Pili upana wa ndani wa mitutu yake ni kama inchi 0.454 wakati za kisasa ni 0.451 au 0.452, kwa hiyo kalibu moja haifai zote. Mimi navipitisha vichwa kwenye dai ya saizi (kifaa cha kuvibana vifikie upana unaotakiwa) vilingane na koo, basi.