Kabla hujaanza kuchora sura ya mtu kwa rangi za mafuta

Kwanza ujue penseli. Kama macho mawili yanakushinda kuyapanga kwenye karatasi, rangi haitakuokoa. Brashi tatu nne nzuri zinatosha, hayo maseti makubwa achana nayo. Kitambaa cha kuchorea kipakwe jeso kwanza, ule upako mweupe wa kukikinga, manake mafuta ya kitani yaliyomo kwenye rangi yakigusa kitambaa kitupu yanakiozesha taratibu. Taa iwe moja, itoke upande mmoja, hapo ndo utaona kivuli cha pua kinaanzia wapi na kinaishia wapi.

Sasa hili la tabaka lisome polepole. Rangi ya mafuta haikauki kama maji, inavuta oksijeni kwenye hewa ndo inakuwa ngumu, na kila rangi ina mwendo wake: kahawia ya udongo inawahi, nyeusi ile ya mifupa inachelewa sana. Rafiki yangu alichora marehemu mama yake, picha ya kukufanya usimame mlangoni. Nywele kazipiga nyeusi nzito, tena kaongeza mafuta ili zing'ae, halafu juu akapitisha mng'ao wa mvi kwa rangi aliyoizimua na tapentaini, basi juu kukakauka upesi huku chini bado kubichi kunaendelea kujivuta. Baada ya miezi ukatokea ufa mwembamba pale nywele zinapokutana na paji la uso, ukafuata mwingine, mpaka ukisogea karibu unaona nyeusi inachungulia katikati ya mvi. Kujazia rangi hakusaidii, nyufa zinarudi, na mama mwenyewe hayupo wa kumkalisha kitini tena. Kwa hiyo tabaka la chini liwe jembamba lenye mafuta kidogo, kila linalofuata mafuta yazidi kidogo, na nyeusi usiitandaze nzito chini kabisa hata kama mtu ana nywele nyeusi tii, anza na kahawia.

Vanishi ya mwisho subiri miezi 6 hadi 12, usiwe na haraka. Dirisha liwe wazi, usile huku unachora, na nyeupe yenye madini ya risasi iache kabisa kama bado unajifunza, ni sumu. Matambara yenye mafuta ya kitani usiyakunjekunje ukayatupia kwenye ndoo, yanajipasha joto yenyewe mpaka yanashika moto, kwa hiyo yatandaze nje moja moja yakauke au yaloweke maji kwenye kopo la chuma lenye kifuniko. Tapentaini nayo mbali na moto, mbali na watoto, na kamwe usiiweke kwenye chupa ya kunywea.