Betri ya pikipiki msimu wa theluji
Ninyi mlio kwenye baridi ya Minnesota, Marekani: pikipiki au mashine ya kukata nyasi ikiingia stoo, usiiache na betri yake hivihivi. Ichaji ijae, fungua waya wa hasi kwanza, ndipo chanya, uiweke mahali pakavu. Kila mwezi ipime: betri ya asidi iliyojaa husoma volti 12.6 hivi, ikikaribia 12.4, irudishe kwenye chaja. Iliyoisha chaji huganda nyuzi chache tu za Selsiasi chini ya sifuri, ikavimba ubavuni kama mkate. Ikiganda usiichaji, yaweza kulipuka. Na ule mtindo wa kuwasha injini dakika tano kila Jumapili? Starta yaweza kula chaji nyingi kuliko inayorudi.