Wlan0 haijapotea, imebadilishwa jina

Ukiwa kwenye Linux na skripti yako inalalamika kuwa wlan0 (jina la kawaida la kadi ya WiFi) haipo, usikimbilie kulaumu draiva (programu inayoendesha kadi). Pitia logi kwanza:

`sudo dmesg | grep -i renamed`

Ukikuta mstari wa aina hii, kadi yako ni nzima:

`iwlwifi 0000:03:00.0 wlp3s0: renamed from wlan0`

Kerneli, kiini cha Linux, iliipa jina la wlan0, kisha udev, programu inayosimamia vifaa, ikalibadilisha papo hapo. Utaratibu huu ulikuja na systemd 197 (systemd ni programu inayoanzisha na kusimamia huduma za Linux) mwaka 2013. Jina jipya linasomeka: wl ni mtandao usiotumia waya, p3 ni basi ya PCI (njia ya data inayounganisha kadi na kompyuta) namba 3, s0 ni sloti 0. Wengi huchanganyikiwa hapa: anwani kwenye logi ni ya heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16, ambapo 0a ni 10), ila jina ni la desimali. Kwa hiyo 0000:0a:00.0 inakuwa wlp10s0. Adapta za USB mara nyingi hupewa wlx pamoja na anwani nzima ya MAC (namba ya utambulisho ya kadi), jina refu la kuchosha.

Ukiongeza SSD ya NVMe, namba za basi zinaweza kusogea, na wlp3s0 ikaamka ikiitwa wlp4s0. Ukitaka jina lisilohama, lifunge kwa MAC ndani ya `/etc/systemd/network/10-wifi.link`, kisha uwashe kompyuta upya:

```
[Match]
MACAddress=aa:bb:cc:11:22:33

[Link]
Name=wifi0
```

Hapo usiandike wlan0, litagongana na majina ya kerneli. Wapo wanaozima utaratibu huu kwa kuweka `net.ifnames=0` kwenye GRUB, programu inayowasha Linux. Inafanya kazi, ila ukiwa na kadi mbili, ipi itakuwa wlan0 ni bahati nasibu.