Kabla Hamjafunga Mabegi: Kwa Familia Inayokwenda Umisheni Nchi ya Wabudha

Bwana Yesu asifiwe. Tangu turudi Dodoma kutoka umisheni Thailand, sebule yetu hapa mtaani Kikuyu imekuwa ikipokea wageni wa aina moja: wanandoa vijana, mtoto mmoja au wawili, wanasema Mungu amewaita Thailand, au Myanmar, au Kambodia. Wanakuja na maswali ya viza na nauli, nasi tunawajibu tunavyojua. Kisha tunawauliza swali letu, na mara nyingi wanatazamana kabla ya kujibu: nyumbani kwenu, ninyi peke yenu bila mgeni, mnasali?

Tunaanzia hapo kwa sababu Dodoma imani inabebwa na watu. Kengele inalia, kwaya ina mazoezi katikati ya wiki, akina mama wana siku yao, jumuiya inazunguka nyumba kwa nyumba, na ukikosa Jumapili mbili mtu atakuja kubisha hodi. Unaweza kuishi hivyo miaka ishirini usijue kama unatembea kwa miguu yako au umebebwa. Thailand zaidi ya watu tisa katika kila kumi ni Wabudha. Wakristo ni kama mmoja katika mia. Siku zao za ibada hufuata mwezi wa angani, ukiandama, ukifika nusu na ukiwa mpevu, kwa hiyo Jumapili pale tulipokaa, nje kidogo ya Chiang Mai, mji wa kaskazini, ilikuwa siku ya soko tu. Hakuna aliyebisha hodi. Mwezi wetu wa tatu kule, mwanangu mkubwa, wakati huo ana miaka saba, aliniuliza huku nikimfunga viatu, "Mama, huku Mungu tunamwimbia lini?" Sikuwa na jibu. Tulikuwa tumefika pale kuwaletea wengine habari za Mungu, na ndani ya nyumba yetu tulikuwa tumenyamaza.

Basi miezi mitatu kabla ya safari, anzeni ibada ya nyumbani kila jioni. Wimbo mmoja, fungu fupi, kila mtu aseme neno, hata mdogo. Baba asihubiri. Dakika kumi na tano zinatosha. Na Jumapili mbili kati ya hizo bakini nyumbani, mkae mezani ninyi wanne muone ibada isiyo na kwaya inakuwaje. Mwambieni mchungaji wenu mapema ili asidhani mmepoa. Mtajisikia wapweke, na watoto watachoka upesi. Ni vizuri mjue hilo mkiwa bado hapa, mahali ambapo mnaweza kwenda kwa mama mchungaji mkamwambia imetushinda, tusaidie.

La pili ni kuwajua mtakaoishi nao. Dar es Salaam, pale Upanga, kuna hekalu la Wabudha lililoanzishwa na watu wa Sri Lanka. Nendeni kwa adabu, vueni viatu, ulizeni, sikilizeni. Mtu hafundishwi Ubudha na mahubiri yanayoupinga. Mtahitaji pia kuyapima upya maneno mliyozoea. Sisi tunasema "kuzaliwa mara ya pili" kwa furaha. Jirani yangu, mwanamke mzee aliyeamka kila alfajiri kuwapa watawa chakula wakipita na mabakuli yao, alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka mkono juu ya wangu, akasema, "Maskini, kwa nini utake kuzaliwa tena? Mimi naomba nisizaliwe." Kwake kuzaliwa ni mzunguko wa mateso, kila maisha yakilipa matendo ya maisha yaliyopita, na tumaini ni kutoka humo. Uzima wa milele, nilivyoutamka, ulikuwa habari mbaya. Ilinichukua mwaka mzima kujifunza kuanza na Mungu aliyeumba na anayesamehe, jambo ambalo katika mafundisho ya Buddha halipo.

Mengine mtayatambua kuliko mnavyofikiri. Uani kwa jirani yule kulikuwa na kijumba kidogo juu ya nguzo, nyumba ya roho mlinzi wa kiwanja, na kila asubuhi aliweka pale chupa ya soda nyekundu, ameifungua na kutia mrija. Mzungu angepiga picha. Mimi nilimkumbuka bibi yangu Mpwapwa akimwaga pombe ya mtama kwa ajili ya waliotangulia, na nikajua sina haki ya kucheka.

Kuhusu mwili na adabu nitasema kwa kifupi, ila jambo moja lishikeni. Kichwa kwao ni kitukufu na miguu ni ya chini kabisa. Hapa kwetu mtoto wa jirani akipita unampapasa kichwa, na mchungaji anawawekea watoto mikono kichwani kuwabariki bila kumwuliza mtu. Kule omba ruhusa kwanza. Usimwelekezee mtu wala sanamu nyayo zako. Mwanamke hamgusi mtawa wala hampi kitu mkononi. Na zungumzeni na watoto kuhusu mfalme kabla hamjapanda ndege: kumtukana ni kosa la jinai, kifungo cha miaka 3 hadi 15, na picha yake iko kwenye fedha, kwa hiyo sarafu ikidondoka na kubingirika haizuiwi kwa mguu.

Shule ndiyo itakayowaumiza vichwa. Katika shule za serikali siku huanza saa 2 asubuhi kwa bendera na wimbo wa taifa, kisha watoto hukunja mikono na kukariri sala za Kibudha. Mtoto wenu atafanya nini dakika zile? Amueni ninyi wawili, hapa, na mkubaliane maneno atakayomwambia mwalimu. Sisi hatukuamua. Mume wangu alisema asimame kimya, mimi nikasema aombe sala yake moyoni na mikono aikunje kama wenzake asitengwe, na kwa wiki tatu mtoto alikuwa akitazama nyuso zetu kabla ya kwenda shule ili ajue leo anamtii nani. Mwishowe tulikwenda kwa mwalimu mkuu pamoja, tukamsalimu kwa heshima, tukaomba mtoto asimame kwa adabu bila kukariri, naye akakubali. Mazungumzo yale yalichukua dakika tano. Tungeweza kuyafanya siku ya kwanza.

Kwenye lugha, ombi langu ni kwa akina baba. Msiende chuoni peke yenu mkamwacha mama na watoto na sufuria. Kithai kina toni tano, na neno moja, "maa", kwa toni moja ni kuja, kwa nyingine ni farasi, kwa nyingine ni mbwa. Maandishi yao hayaachi nafasi kati ya neno na neno. Haya hayaokotwi sokoni. Tengeni mwaka mmoja wa kusoma, ikiwezekana miwili, na bajeti iwe ya ada mbili. Mke asiyejua lugha anakuwa mfungwa wa nyumba, na upweke wake utafika mezani hata kama hausemi. Kuna faraja ndogo: jioni saa yao ya mazungumzo huhesabiwa kama yetu. Saa moja usiku ni saa moja usiku. Siku niliyogundua hilo sokoni nilitaka kumkumbatia muuza samaki.

Chakula kisiwatie hofu. Kaskazini wanakula wali wa kunata, unaufinyanga tonge kwa mkono kama ugali. Ukwaju upo, karanga zipo, na bamia itasaidia pale mtakapokosa mlenda. Kama kuna mtoto mwenye pumu, fikirini mara mbili kuhusu Chiang Mai: kuanzia mwezi wa pili hadi wa nne moshi wa kuchoma mashamba na misitu hufunika bonde lote, na watu hufungia watoto ndani.

Fedha. Ahadi za washirika wetu wengi hutegemea shamba. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, mvua ikigoma mtama haupo, lakini mwenye nyumba kule anataka kodi kila mwezi. Msiondoke na ahadi tupu. Ondokeni na fedha ya miezi sita iliyo benki. Sisi tuliondoka na ya miwili, na mwezi wetu wa tano kule tulikopa mchele.

Waandaeni pia wanaowatuma. Kanisa letu limezoea kusikia idadi, wangapi wamebatizwa, wangapi wameokoka. Mmisionari Adoniram Judson na mkewe Ann walifika Burma, Myanmar ya leo, 1813, wakambatiza mtu wa kwanza 1819. Waprotestanti wa kwanza walifika Bangkok 1828, na bado Wakristo ni wale wachache niliowataja. Simameni mbele ya washirika mkaseme wazi kwamba barua zenu za miaka ya kwanza zitakuwa na majirani na watoto na lugha, na pengine ubatizo hapana. Wakumbusheni kwamba wamisionari walifika Mpwapwa 1876 na babu zetu hawakuwakimbilia. Atakayeendelea kutoa baada ya kusikia hivyo, huyo ndiye mtumaji wenu.

Jambo ambalo hakuna mtu anapenda kulitaja ni msiba. Kaeni na wazazi wa pande zote mbili, muulize: mmoja wenu akitangulia, mnatutaka tufanyeje? Wekeni nauli ya mtu mmoja, kwenda na kurudi, isiyoguswa hata kwa mchele. Mama yangu alifariki mwaka wetu wa pili. Nauli haikuwepo, ikachangwa, nikafika siku nne baada ya maziko na udongo umeanza kukauka. Kaka yangu hakunilaumu, lakini alinionyesha mahali nilipopaswa kusimama. Niliporudi Thailand, yule jirani wa soda nyekundu alikuja na bahasha ya rambirambi, kwao pia ndivyo wanavyofanya, akakaa sakafuni nami mpaka jioni. Mumewe alipokufa mwaka uliofuata, nilikaa naye usiku zote za watawa kukariri. Ubani sikushika, na hakuniomba nishike. Hilo nalo, mume wangu nami tulikuwa tumeshalikubaliana kabla.

Karatasi zifanyeni mapema: vyeti vya kuzaliwa vya watoto kutoka RITA, cheti cha ndoa, cheti cha polisi, vyote vithibitishwe Wizara ya Mambo ya Nje, na chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari.

Halafu kuna bibi. Thailand wako mbele yetu saa nne. Saa nane mchana hapa ni saa kumi na mbili jioni kule, watoto wameshatoka shule na hawajalala. Mchagulieni siku, mnunulieni simu yenye kioo kikubwa, na mkae naye Jumamosi tatu mkimfundisha kupokea simu ya video yeye mwenyewe, bila mjukuu wa jirani kumshikia.