Kulinda Akaunti Yako ya Kuhifadhi Mafaili Mtandaoni

Mwaka 2016 ilibainika kwamba taarifa za akaunti zaidi ya milioni 68 za Dropbox, huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, zilizoibwa mwaka 2012, zilikuwa zikizagaa mtandaoni. Chanzo cha wizi huo kilikuwa nenosiri ambalo mfanyakazi mmoja alilitumia pia kwenye tovuti nyingine. Kwa hiyo anzia hapo: akaunti inayotunza vyeti vyako, hati ya kiwanja na picha za familia iwe na nenosiri lake peke yake, refu, lisilotumika popote pengine.

Kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani baada ya nenosiri akaunti ikuombe pia namba ya siri ya muda. Kwa Google Drive, hifadhi ya mafaili ya Google, fungua mipangilio ya akaunti ya Google, ingia sehemu ya usalama, na ukiweza uchague programu ya kuzalisha namba za siri badala ya ujumbe mfupi, kwa kuwa tapeli akifanikiwa kuhamishia namba yako kwenye laini yake, jumbe zote zitamfikia yeye. Hapo hapo chukua namba 10 za akiba, ambazo kila moja ina tarakimu 8 na hutumika mara moja tu. Ziandike kwenye karatasi na uiweke pamoja na vyeti vyako halisi, wala usiziache ndani ya simu, maana simu ikipotea ndipo utakapozihitaji.

Jambo linalosahaulika zaidi, kwa maoni yangu, ni viungo (link) vya kufungulia wengine mafaili yako. Faili ulilolifungulia mtu yeyote mwenye kiungo, ili mwenye stesheneri akuchapie, litabaki wazi hadi ulifunge wewe mwenyewe. Na kama uliingia kwenye kompyuta ya pale dukani, tazama orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti yako, kisha uiondoe kompyuta hiyo.