Somo: Kuunda jumuiya ya watumiaji maji Ruaha Mkuu

Mwaka 1993 mto Ruaha Mkuu ulikauka ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na tangu hapo umekuwa ukikatika karibu kila kiangazi. Viboko hubanana kwenye madimbwi, na huko chini mabwawa ya Mtera na Kidatu yanasubiri maji hayohayo yazalishe umeme. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji haiwezi kusimama kwenye kila banio, yaani kizuizi cha kuchepushia maji mferejini, huku bonde la Usangu juu ya mto. Jirani yako anaweza, na sheria ya rasilimali za maji ya 2009 inaitambua jumuiya yenu.

Hatua ya 1. Tembeeni mto kwa miguu, toka milimani hadi ardhioevu ya Ihefu, mwezi wa kumi maji yakiwa haba. Hesabuni mabanio, bustani na manyweshea. Jumuiya hufuata mto; mipaka ya kata iacheni.

Hatua ya 2. Iteni watumiaji wa juu na wa chini ya mto, wafugaji wakiwemo tangu kikao cha kwanza. Nimeona katiba nzuri ikifa kwa sababu wao waliletewa karatasi tu wasaini. Kisha pelekeni maombi ya usajili kwa Bodi.

Hatua ya 3. Ombeni kibali cha kutumia maji, mkasome kiasi mlichopewa. Wekeni kipimo mferejini na mtu wa kuandika kila asubuhi.

Hatua ya 4. Fungeni banio mkishavuna, mbakize ya kunywa tu. Hapa ndipo tunapouua mto. Mpunga uko ghalani, lakini maji bado yanatapakaa kwenye majaruba matupu na kuishia kukaushwa na jua. Maji ya Ihefu hutoka kwa kupita juu ya mwamba wa Ng'iriama. Kina kisipofika kimo cha mwamba ule, hakuna tone linaloshuka. Maji yanayosalia mashambani nayo yachimbiwe mfereji yarudi mtoni.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Ubaruku: Shikamoo mwalimu. Maji yakipungua, nani atangulie?
Marahaba. Matumizi ya nyumbani na maji ya kuuacha mto uwe hai. Mashamba na mitambo hufuata.

Mwanachama wa Chimala: Ndoo za nyumbani zinahitaji kibali?
Hapana, ndugu yangu.

Mwanachama wa Madibira: Wenzetu wa juu wakigoma kufunga?
Anzeni na usuluhishi wa jumuiya, ikishindikana nendeni Bodi na daftari la vipimo. Bila namba mtabishana mpaka masika. Na kabla ya yote, waalikeni waje waone mchanga wa huku chini mwezi wa kumi na moja.